Mabega Kabla ya Mwezi wa Saba

Watu huja kwenye jimu yangu na maombi ya ajabu. Kuna bwana harusi aliyetaka kitambi kiishe kabla ya Jumamosi, na kuna mama mmoja aliyetaka nguvu za mikono tu, ili mkwe wake aache kujigamba kwamba ndiye pekee pale nyumbani anayeweza kufungua chupa za achari. Wote nawapokea. Lakini asubuhi moja, sherehe za mwaka mpya zikiwa zimeisha juzijuzi, aliingia mtoto wa shule mwenye nywele fupi na fulana inayomtosha yeye na nduguye, akasimama mbele yangu na kunitazama mabega badala ya uso.

"Kocha," akasema, "nataka hayo."

"Hayo yapi?"

"Hayo mabega yako."

Nilicheka peke yangu, kwa sababu yeye hakucheka. Naitwa Lai Siukhim. Ujanani nilinyanyua vyuma upande wa wanawake kwa niaba ya mji huu wa Tainan, na mabega niliyoyapata huko yalinikosesha wachumba wawili. Hadi leo muuza samaki mgeni akiniona kwa nyuma huniuliza, "Bwana, nikufungie wangapi?" Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuyaonea wivu mabega haya. Na mimi nina kasoro moja: jambo nisilolielewa linanikera kama punje ya mchele iliyokwama kwenye jino. Nikamvutia kiti.

"Jina?"

"Su Li-heng. Shuleni wameniandika jingine, la kike. Nilipozaliwa waliandika msichana. Mimi ni mvulana." Aliyasema hayo kama mtu anayetoa anwani ya nyumbani. "Mwezi wa saba natimiza kumi na sita. Nataka mabega yawe yamefika."

"Yamefika wapi?"

"Yaonekane, Kocha. Mtu akiniangalia aone."

Alipotaja mwezi wa saba nikaanza kupata picha. Kwetu mtoto hukua chini ya ulinzi wa Mama Saba, wale ndugu saba wa mbinguni tunaowaita kwa jina moja kama vile ni mtu mmoja. Mtoto akizaliwa, mkubwa wa nyumba humpeleka hekaluni, humtaja jina, husema ni wa kiume au wa kike, kisha husema, basi Mama, nitunzie. Akifika miaka kumi na sita hurudishwa kushukuru. Wazazi hunyanyua kijumba cha karatasi za rangi, mtoto hupita chini yake kwa kutambaa, na anapotokea upande wa pili ni mtu mzima. Wavulana wakitoka hugeuka kushoto. Wasichana hugeuka kulia. Na mtaa mzima huwa umesimama pale na feni za mkononi, unatazama.

"Mama yangu yuko Singapoo kazini, baba ana nyumba nyingine," Li-heng akasema. "Nimelelewa na Bibi. Bibi anasema nitatoka kulia. Nikimwambia kushoto anakaa kimya, anaanza kuosha vyombo alivyokwisha kuviosha."

"Sasa mabega yanaingiaje hapo?"

"Nikija siku hiyo nikiwa na mwili ambao kila mtu anaona ni wa mvulana, Bibi atasemaje kulia? Ataona aibu kulitamka."

Niliona kabisa kwamba ni hesabu ya kitoto. Lakini pia nilitamani kuona itafika wapi. Nikamwambia aje kesho yake, na ale kwanza.

Kama wavulana wote, alitaka kuanza na kifua na mikono. Nikamwambia mabega mapana hutengenezwa mgongoni. Mbele ni mapambo tu. Akauliza kwa nini. Nikamweleza misuli inavyoshuka kutoka kwapani hadi kiunoni, na kwamba ikijaa kule juu kiuno chenyewe huonekana chembamba bila kuguswa. Akauliza mwili unajuaje kwamba unatakiwa kujenga na si kubomoa. Nikasema unajua ukilala. Akauliza, mtu akilala mchana je? Wanariadha wengi wamepita mikononi mwangu, wenye vipaji kuliko huyu, lakini hakuna aliyeniuliza maswali hadi nikaenda kufungua vitabu vyangu vya zamani. Kuuliza si ujinga, lakini kunachosha.

Jambo moja alilikataa katakata: kuchuchumaa na chuma mabegani. Alisikia kwamba huko ndiko nyonga hupanuka.

"Nani kakwambia?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni wamekwambia pia nyonga ni mfupa? Mfupa haunenepi kwa kuchuchumaa. Utapata mapaja, na mapaja hayo ndiyo yatakayokubeba. Umewahi kuona ghorofa iliyojengwa juu ya fimbo mbili?"

Alikunja uso, akaingia chini ya chuma.

Pale jimu kuna mtu anaitwa Piau, muuza bata wa kuchoma, mwenye mikono minene na mdomo usiopumzika. Siku za kwanza Li-heng alipokuwa hawezi kujivuta kwenye bomba hata mara moja, Piau alisimama kando akila karanga.

"We dogo, unajivuta au unaning'inia kama bata wangu?"

"Bata wako wamekufa, kaka Piau. Mimi bado napumua."

"Kidogo sana."

"Njoo basi unioneshe, na hizo karanga zako."

Piau akapanda, akajivuta mara mbili, akashuka akishika kiuno. Baadaye alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Kocha, hivi yule dogo ni wa kiume au wa kike?" Nikamtazama tumbo, nikamuuliza mimba ile ni ya miezi mingapi. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, na cha ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyeanza kumletea Li-heng mapaja ya bata yaliyobaki. Mtoto alikula. Alfajiri supu ya ng'ombe, mchana samaki na wali, jioni mayai, na maziwa ya soya yasiyohesabika. Haba na haba hujaza kibaba: kabla ya majira ya mvua za plamu, zile zinazotangulia joto, kuisha, mshono wa begani kwenye fulana ile kubwa ulikuwa umepata pa kukaa. Siku aliyojivuta hadi kidevu kikapita bomba alipiga kelele hadi bata wa Piau nadhani walisikia.

Halafu likaja joto, na siku moja akaanguka.

Alikuwa amebeba mfuko wa mchanga begani, anatembea nao kutoka mlangoni hadi ukutani kama nilivyomfundisha. Nikaona midomo imebadilika rangi. Mfuko ukashuka kwanza, na yeye akaufuata. Nilimbeba hadi ofisini kwangu, nikafungua dirisha, na nilipomwekea mkono mgongoni nikagusa kitu kigumu chini ya fulana. Alikuwa amejifunga kifua kwa bendeji, mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu aliyevunjika mbavu. Miezi yote ile alikuwa akinyanyua vyuma vyangu hivyo hivyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kidogo niumbuliwe naye.

Nilimpa mkasi na kumgeuzia mgongo. Alipoanza kupumua vizuri nikafoka.

"Ukibana mbavu, mapafu yatatanukia wapi? Unataka kufa kwenye jimu yangu? Humu hanyanyui mtu aliyejifunga kifua. Sheria."

"Basi siji tena."

"Basi usije."

Akaenda. Nilikasirika siku kadhaa, nikawagombeza wateja wasio na kosa. Lakini ile punje ilikuwa imekwama kwenye jino: ni kitu gani hicho ambacho mtu anaona bora akose pumzi kuliko kionekane? Nikakumbuka mchumba wangu wa pili. Mama alinivalisha blauzi yenye marinda shingoni, akaniambia wakwe wakija nikae nimejikunja ili mabega yapungue. Nilikaa nimejikunja chakula kizima, supu hadi matunda, kifua kikiniuma, nikiomba wale watu waondoke. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo miaka mingi. Au sikuwa nimelisahau, nilikuwa nimeliacha tu bila kulitazama.

Li-heng alirudi mwenyewe, akasimama mlangoni kama mdai aliyekosea nyumba. Kabla hajasema lolote nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua.

"Mimi nimeitwa dume maisha yangu yote, nikalia. Wewe hilo ndilo unalolitafuta. Hebu nieleze, maana sielewi."

Akafikiri. "Ulipoitwa dume, Kocha, ulilia kwa nini?"

"Kwa sababu mimi si dume."

"Basi ni hilohilo. Na mimi wananiita nisichokuwa."

Nilimwambia tu kwamba kuanzia kesho awe anakuja alfajiri kabla sijafungua mlango wa mbele, avae fulana nzito isiyobana, na vioo nitavifunika kwa mashuka. Akauliza kama mashuka ni masafi. Nikajua amerudi.

Mwezi wa sita ukiwa unaelekea ukingoni, alfajiri moja mlango wa nyuma ukafunguliwa na mwanamke mfupi mwenye kofia ya jua na kikapu cha soko. Alikuwa Bibi Su. Alitutazama sote wawili, akaweka kikapu chini.

"Nimekuja kuona mayai yangu yanakwenda wapi," akasema.

Li-heng alikuwa na mfuko wa mchanga begani na hakujua auweke au aendelee. Akaendelea. Bibi alimfuata kwa macho kutoka mlangoni hadi ukutani, na kurudi, na kwenda tena. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapima, kama mtu anayeangalia mzigo na ngazi.

"Mababu wa mtaa huu walikuwa wapagazi bandarini," akaniambia mimi, ingawa maneno hayakunilenga mimi. "Mtoto alilipwa nusu. Akitimiza kumi na sita, analipwa kamili. Ndiyo maana tunasherehekea. Mimi nilipotimiza kumi na sita nilikuwa kiwanda cha sukari, nabeba magunia sawa na wavulana. Wao wakapewa kamili. Mimi nikabaki na nusu." Akamgeukia mjukuu wake. "Kwa hiyo kama unachokimbia ni hiyo nusu, niambie. Nusu naijua. Sitakulaumu, lakini nitakwambia siku hizi mambo yamebadilika, huna haja ya kukimbia."

Li-heng akauweka mfuko chini taratibu. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi machoni na hakulifuta.

"Bibi, hata kama wanaume ndio wangekuwa wanalipwa nusu, mimi ningekuwa mvulana."

"Ungekuwa mjinga."

"Ndiyo, Bibi. Mvulana mjinga."

Bibi Su alikaa kwenye benchi la kunyanyulia vyuma. Nikamletea chai. Kisha akasema jambo ambalo mimi wala mtoto hatukuwa tumelitarajia.

"Majirani nawamudu. Yule wa duka la uvumba akisema neno, ninayo ya kwake kumi. Tatizo langu ni Mama Saba. Huyu akiwa kichanga nilimbeba mwenyewe, nikapiga magoti, nikasema kwa mdomo wangu huu: ni msichana. Miaka yote hii Mama amemlinda msichana niliyemkabidhi. Sasa nikamshukuru kwa kumpelekea mvulana? Ataniona tapeli. Utamdanganya mwalimu wa shule, utamdanganya jirani. Mungu utamdanganyaje?"

Nilimwona Li-heng anavyobadilika uso. Nusu mwaka alikuwa amejenga mwili ili macho ya watu yanyamaze, kumbe macho aliyokuwa akiyaogopa Bibi hayatazami mabega. Nilimwonea huruma. Mimi ninajua kuongeza uzito kwenye chuma. Hapo sikujua niongeze nini.

"Muulize basi," nikasema.

"Nimuulize nini?"

"Sijui. Wewe ndiye unayezungumza naye."

Tulikwenda mchana wa jua kali, hekalu likiwa tupu. Mimi sikualikwa, lakini nisingeweza kubaki jimu huku nikijua kinaulizwa nini. Bibi Su aliwasha uvumba, akachukua vile vibao viwili vyekundu vyenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa, upande mmoja wenye mgongo. Ukivirusha, kimoja kikilala mgongo juu na kingine kikifunua bapa lake, mungu amekubali. Vyote vikionesha migongo, amekataa. Vyote vikionesha bapa, anacheka. Na kwa jambo zito kama hili, kukubali lazima kurudiwe mara tatu mfululizo.

"Mama," Bibi akasema kwa sauti, "huyu mtoto, unamkubali akiwa mvulana?"

Vibao vikagonga sakafu. Bapa, bapa. Akarusha tena. Bapa, bapa. Mara ya tatu vilibingirika hadi chini ya meza ya matunda, Li-heng akaingia kuvitafuta, akasema kutoka kule chini, kwa sauti ndogo, "Anacheka tena."

"Ananicheka! Mimi na mvi zangu hizi!"

"Bibi, akicheka ndiyo hapana?"

"Hapana ni hapana. Kucheka ni kucheka. Nimeuliza vibaya." Alikaa chini juu ya mto wa kupigia magoti, miguu ameinyoosha kama mtoto, akaanza kusema na nafsi yake. "Namuuliza kama anamkubali. Nimonia alimtoa. Ile pikipiki iliyomgonga akiwa chekechea, hata mkwaruzo. Homa ile. Halafu nakuja kumuuliza kama anamkubali. Hata mimi ningecheka."

Moshi wa uvumba ulikuwa unanichoma macho. Li-heng alikuwa amejikunyata, mabega yale aliyoyatafuta kwa jasho yamekunjamana mbele, nami nikajikuta namnyooshea mgongo kwa kiganja bila kufikiri.

Bibi Su akapiga magoti upya. Sauti yake ikashuka.

"Mama, siku ile nilipokuja na kichanga, nikakwambia ni msichana. Je, nilikosea?"

Kimoja kikalala. Kimoja kikafunua bapa.

Bibi akaviokota, akarudia swali lilelile. Amekubali. Akarusha mara ya tatu. Kibao kimoja kikasimama kwa ncha, kikazunguka, kikazunguka tena, kisha kikalala. Amekubali.

"Nilikosea," Bibi Su akasema. "Kumbe ni mimi niliyemwambia vibaya." Halafu hasira ikampanda, akainua kidole kuelekea madhabahuni. "Miaka yote hiyo! Unajua, umekaa kimya!"

"Bibi, hukumuuliza," Li-heng akasema.

Alimchapa kwa kikapu cha soko. Kisha akainamisha paji la uso hadi sakafuni akaomba radhi kwa Mama Saba kwa kumpa taarifa ya uongo, na akaahidi keki na maua na kuku mzima kwa ajili ya usumbufu. Lakini Bibi hakumwomba mjukuu wake radhi kwa maneno. Alisimama, akamshika begani, akalibinya kama anayechagua papai sokoni.

"Gumu," akasema, na machozi yakamtoka hapohapo.

Siku yenyewe ilipofika mtaa ulijaa kuliko mwaka jana. Joho la kukodi la wavulana lilimbana Li-heng mabegani, ikabidi mshonaji aachie mshono. Sijawahi kumwona mtu akifurahia nguo inayombana kiasi kile. Kwa kuwa mama yake alikuwa kwenye simu tu, akilia kutoka Singapoo, Bibi Su alishika upande mmoja wa kijumba cha karatasi na mimi nikashika wa pili. Piau alikuwa mbele ya umati, anatafuna.

Li-heng akatambaa chini. Nilimwona akipita, mgongo mpana, kichwa kimeinama. Akatokea upande wa pili, akainua uso, na papo hapo akawaona. Wanafunzi wenzake wa darasani walikuwa wamesimama pale, wale waliolijua lile jina jingine tu, na walimu wawili, na yule wa duka la uvumba na mumewe. Akaganda pale pale, mikono na magoti chini. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akaanza kukohoa. Mtu akacheka. Nikayaona mabega yake yanakunjamana mbele ndani ya joho, na mimi mikono yangu imeshika kijumba, siwezi kumgusa.

"Kushoto!" Bibi Su akapiga kelele juu ya fataki na ngoma. "Wewe mtoto, kushoto! Nimeshamwambia Mama Saba nina mjukuu wa kiume. Unataka anione muongo mara ya pili?"

Mtaa wote ulisikia. Wanafunzi walisikia, walimu walisikia, na mwenye duka la uvumba aliacha kujipepea.

Li-heng akasimama, akapangusa magoti, akaenda kushoto.